App ya kutengeneza potifolio za madevelopa: GitHub, LinkedIn au mtu ajaze mwenyewe? Nimezipambanisha

Jamaa yangu mmoja aliomba kazi, wakamwambia atume linki ya potifolio (ukurasa wa kuonesha kazi zako) ndani ya siku mbili, na hana. Akatuma linki ya GitHub yake (mtandao ambao madevelopa wanahifadhi kodi zao) kama ilivyo. Ukifungua unakuta repo (folda za miradi) za mazoezi ya chuo, repo alizozifoki, yani alizonakili za wengine, akaziacha hivohivo, na nyingine inaitwa "test2" ambayo hata mwenyewe hakumbuki ilikuwa ya nini. Na huyuhuyu ndo kajenga mfumo wa mauzo unaotumika kila siku kwenye duka la watu, ila kodi ya ule mfumo (kodi ya kompyuta, siyo ya TRA) imefungiwa kwenye repo ya mteja, nje haionekani hata herufi moja. Kazi hakupata. Mi nikasema basi ngoja nitengeneze app, mtu anaweka jina lake la GitHub, anabonyeza, ukurasa unatoka umepangika na linki ya kutuma. Nikajua ni kazi ya wikiendi mbili.

Wikiendi mbili ziliisha bado nabishana na data. Watu wakiniuliza kuhusu hii kitu wanaanza na "umetumia React au Vue", na kiukweli hapo hata usijiumize, tumia unayoijua. Pa kuumiza kichwa ni data unaitoa wapi na mwenye nayo anakuruhusu kuchukua kiasi gani, mana hayo ndo yanayoamua ukurasa wako utamwonesha mtu alivyo au utamdhalilisha. Kwahiyo naanza na hapo, na hapo ndo nitakaa zaidi, mambo ya hostingi yatafuata.

GitHub: REST au GraphQL

GitHub ina milango miwili (API) ya kuchotea data, REST na GraphQL. Wengi tunaingilia REST kwasababu ni rahisi kujaribu, unaandika anwani kwenye brauza inakuletea JSON (data iliyopangwa kwa maandishi), hata tokeni, yani ufunguo wa kukutambulisha, haihitaji. Mi pia nilianza hapo na siku ya kwanza nilifurahi sana. Siku ya pili nikagonga ukuta.

Ukuta wenyewe uko hivi. Bila tokeni unapewa maombi 60 kwa saa kwa kila IP (anwani ya mtandao). Chukua mtu mwenye repo 40, unahitaji ombi moja la profaili yake, moja la orodha ya repo (kumbuka kuomba 100 kwa ukurasa, ukiacha kawaida inakupa 30 tu na utadhani zingine hazipo), alafu kila repo ina ombi lake la lugha. Jumla 42. Mtu wa pili akija na repo zake 40 ndani ya saa ileile anaishia katikati, na wewe unatafuta kosa kwenye kodi yako kumbe hakuna kosa. Kuna wanaosema basi maombi yatoke kwenye brauza ya mtumiaji ili kila mtu atumie IP yake, sawa, ila mitandao yetu ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwahiyo zile 60 unaweza kuzikuta zimeshaliwa na mtu usiyemjua wala hajawahi kusikia app yako.

GraphQL haikubali kabisa bila tokeni, ila ukishaingia unauliza swali moja lenye profaili, repo, lugha zake, nyota, kila kitu, na jibu linakuja mara moja. Na ina vitu ambavyo REST haina.

| | REST | GraphQL |
|---|---|---|
| Bila tokeni | maombi 60 kwa saa | haikubali |
| Ukiwa na tokeni | maombi 5,000 kwa saa | pointi 5,000 kwa saa |
| Repo ambazo mtu kazipini | haina | inazo, mpaka 6 |
| Vile vibokisi vya kijani vya kuonesha siku ulizochangia kodi | haina | inavyo, mwaka mmoja kwa swali |
| Lugha za repo | ombi jipya kwa kila repo | ndani ya swali lilelile |
| Kuuliza "kuna kilichobadilika?" bila kukatwa kwenye hesabu | ndiyo, ukiwa na tokeni, kwa ETag (alama ya toleo la jibu), ukipata 304 (hakuna kilichobadilika) hukatwi | hakuna |

Mstari wa repo zilizopiniwa peke yake ndo ulinihamisha. Repo alizozipini mtu ndo alizozichagua mwenyewe kuonesha, ni kama kakupangia vitu kwenye kioo cha duka, sasa wewe uje upange kwa wingi wa nyota wakati madevelopa wengi huku nyota zao ni sifuri au moja, na hiyo moja kajipa mwenyewe? Kwahiyo kwenye ukurasa naweka kwanza zilizopiniwa, hazipo ndo naenda kwenye repo zilizoguswa karibuni, na za kufoki nazitupa zote mpaka mwenyewe aseme anaitaka ipi.

REST bado nimeibakiza kwa kazi moja, ya kuangalia kama kuna mabadiliko, kwasababu ya hiyo 304 ya bure. Nauliza kwa REST, kukiwa na jipya ndo naenda GraphQL. Ukitaka moja tu kati ya hizo mbili chukua GraphQL, ila kama unajenga ya kujifunzia na watumiaji ni wewe na washkaji watano, REST yenye tokeni inatosha sana na utaimaliza mapema.

Kuna mtego hapa wa asilimia za lugha. GitHub inapima lugha kwa ukubwa wa faili kwa baiti, siyo kwa jasho lako. Mtu wa data anayeandika Python kwenye daftari za Jupyter, zile daftari zinabeba na matokeo na picha humohumo ndani ya faili, kwahiyo ukijumlisha repo zake zote unakuta jamaa ni mtaalamu wa "Jupyter Notebook", Python inaonekana kama kitu alichopita nacho tu. Au mtu kanunua templeti ya HTML akaitupia kwenye repo, ghafla kawa bingwa wa CSS. Mi nikaacha kabisa baiti. Nahesabu lugha kuu ya kila mradi, nasema "miradi 7 ya PHP, 3 ya Dart", basi. Haina chati ya mduara ya kupendeza ila haidanganyi.

Na vile vibokisi vya kijani nilivipenda mwanzo, nitavirudia mwishoni.

LinkedIn: API, kukwangua, au mtu alete faili lake

Hapa wengi wanajidanganya, na mi nilikuwemo. Unafikiria utaweka kitufe cha "ingia kwa LinkedIn" alafu historia ya kazi ya mtu, shule na ujuzi vinamiminika vyenyewe. Havimiminiki. Kitufe kile kinakupa jina, picha, barua pepe na lugha anayotumia, basi umemaliza. Zamani mlango ulikuwa wazi zaidi, 2015 wakaufunga, na sasa data kamili ya profaili inaenda kwa washirika waliowakubali wenyewe, na app ya wikiendi mbili ya kijana wa Mbagala sidhani kama iko kwenye foleni hiyo.

Njia ya pili ni kukwangua, yani roboti lako linafungua ukurasa wa mtu na kunyofoa maandishi. Kuna maktaba kibao za kukwangua na kuna watu watakwambia mahakama Marekani ilisharuhusu. Wanaongelea kesi ya hiQ Labs na LinkedIn iliyoanza 2017. Ni kweli mahakama ya rufaa iliwapa hiQ ushindi 2019 na tena 2022 kwenye hoja ya sheria ya udukuzi, ila wasimuliaji wanakatia hadithi hapo. Mwishoni mwa 2022 mahakama ya chini ilikuta hiQ wamevunja masharti ya matumizi ya LinkedIn, na kesi ikaisha kwa hukumu ya dola 500,000 dhidi yao. Na hata ukiacha mahakama, kiufundi ni mateso, LinkedIn ikishakuhisi inakurudishia kodi 999, namba ambayo haipo hata kwenye orodha ya kawaida ya HTTP, na ukurasa ukibadilishwa muundo kidogo kikwanguzi chako kinakuwa kipofu. App inayotegemea kitu kama hicho utakuwa unaamka nayo usiku kama una mtoto mchanga.

Njia ya tatu haina mvuto ila ndo ninayoitumia. LinkedIn inamruhusu mtu kuomba nakala ya data zake mwenyewe, barua pepe inakuja na linki ya kushusha faili la ZIP lenye CSV (majedwali ya maandishi) ndani. Zinazonihusu ni tatu: Positions.csv, Education.csv na Skills.csv. Ubaya wake haitoki papo hapo, mtu anaomba, anasubiri, na kwenye kusubiri huko unapoteza watu, wengine hawarudi. Ila data ikifika ni safi, tarehe ziko sawa, majina ya vyeo kayaandika mwenyewe.

Kuna kitu kwenye hiyo ZIP ambacho kilinitia jasho nilipoifungua ya kwangu mara ya kwanza. Humo ndani kuna meseji zako na orodha ya watu mliounganishwa, yani majina ya watu wengine kabisa ambao hawajawahi kukuruhusu chochote. Ukiipokea ZIP nzima kwenye seva yako umeshabeba mzigo wa watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wanayo ya 2019, na mtumiaji wako akiwa Ulaya wana ya kwao, kote huko swali la kwanza ni "ulihitaji hii data ya nini". Kwahiyo ZIP naifungulia hukohuko kwenye brauza ya mtumiaji kwa JSZip (maktaba ya kufungua ZIP), nasoma zile CSV tatu, seva inapokea hizo tu, mengine hayagusi mtandao wangu. Na kwa mtumiaji wa bando ni nafuu pia, hapandishi faili kubwa bure.

Kuna anayeuliza kuhusu PDF, mana LinkedIn inakuruhusu kuhifadhi profaili kama PDF papo hapo. Nimejaribu. Ile PDF ina safu mbili, ujuzi na lugha upande, kazi katikati, na kifaa cha kutoa maandishi kikizubaa kinachanganya, unakuta mtu alifanya kazi ya "Uhasibu Kiswahili Laravel" kuanzia 2019. Kama lazima utumie PDF, basi mwishoni mpe mtu fomu ahakiki kila mstari, na ukishampa fomu unajiuliza si bora angejaza tu.

Mtu ajaze mwenyewe

Kiukweli hii ndo niliidharau zaidi na ndo imeokoa app. Jamaa yangu wa mfumo wa mauzo hakuna API duniani inayojua alichofanya. GitHub inaweza kuonesha idadi ya michango yake kwenye repo za siri kama amekubali, ni namba tupu, haisemi ni mfumo gani wala ulimsaidia nani. Na wako wengi wa hivyo hapa, anayefanya kazi za wateja, anayefanya kazi ofisini kwenye seva ya ndani isiyo hata ya GitHub, wote hao app ya kuvuta tu inawatoa kama watu wasio na kazi.

Kwa hiyo kuna fomu, sehemu moja tu: mradi, ulifanya nini, unatumika wapi, picha ya skrini kama mteja kakubali. Data zote ziwe za kuvuta au za kujaza nazihifadhi kwa muundo wa JSON Resume, ambao ni mpangilio huria uliopo tangu 2014, una sehemu za kazi, shule, ujuzi, miradi, vyote vimeshapewa majina, hukai kubuni ya kwako. Faida nyingine mtu akitaka kuondoka anashusha faili lake la JSON anaenda nalo kwingine. Nimeliweka hilo makusudi, mana Stack Overflow walikuwa na kitu kizuri tu kinaitwa Developer Story, watu wakapanga historia zao humo, 2022 kikafungwa. Sasa hao ni wakubwa, je mimi?

Vyanzo vingine haraka haraka. Dev.to wana API nzuri ya makala za mtu, haina usumbufu. Medium chukua RSS yake (orodha ya makala mpya). Stack Exchange bila ufunguo ni maombi 300 kwa siku, ukisajili ufunguo 10,000, inatosha, ila jiulize watumiaji wako wangapi wana pointi za maana huko. GitLab fanya ukiombwa.

Jina tu, au aingie kwanza

Kuna app zinakubali jina lolote la GitHub bila kuingia. Inavutia, mtu anajaribu sekunde tano anaona matokeo. Shida ni kwamba na mimi naweza kuandika jina lako nikakuchapishia ukurasa hujui, nikaweka na namba yangu ya simu. Nimefanya katikati, kuona mfano ni bure bila kuingia, kuchapisha lazima uingie kwa GitHub ili nijue ni wewe.

Na ukimwingiza usimwombe zaidi ya unachohitaji. Kwenye OAuth ya kawaida ya GitHub (njia ya mtu kuipa app yako ruhusa) ukitaka kusoma repo za siri lazima uombe skopu, yani ruhusa, inaitwa repo, na hiyo inakupa kusoma NA kuandika, hakuna ya kusoma tu. Developa yeyote mwenye akili akiona ile skrini anafunga tabu. Bila skopu yoyote unapata taarifa za wazi, na hizo ndo unazozionesha hadharani anyway. Ukihitaji zaidi tengeneza GitHub App, hiyo mtu anachagua repo moja moja.

Ukurasa uchorwe wapi

Njia tatu: brauza ivute data na kuchora yenyewe, seva ichore kila mtu akifungua, au uzalishe faili la HTML mara moja likae.

Ya kwanza niliitupa kwa sababu ya WhatsApp. Linki za kazi huku zinatembea WhatsApp, kwenye magrupu ya ajira, kwa HR, kwa mjomba anayejua mtu. WhatsApp ikionesha kile kibokisi chenye picha na jina haiendeshi JavaScript yako, inasoma tu HTML iliyokuja kwanza. Ukurasa ukiwa unajichora kwenye brauza, kila linki inatokea na jina la app yako na nembo yako, watu mia moja linki zinafanana. Jamaa alivyotuma ya kwake ikatokea hivo, akaniuliza "mbona hii kama tangazo lako".

Seva kuchora kila mara inafanya kazi, ila unategemea seva iwe macho. Ukiwa kwenye hostingi ya bure kama Render, dakika 15 bila mgeni inalala, mgeni anayefuata anasubiri mpaka kama dakika nzima iamke. Na mgeni anayefuata wa potifolio ni nani? Ndo yuleyule mwajiri mmoja aliyefungua saa tano usiku, hasubiri dakika. Supabase ya bure nayo ikikaa wiki bila kazi inasimamishwa.

Faili la HTML limeshinda kwa mbali. Potifolio haibadiliki kila dakika, mtu akibonyeza "chapisha" nazalisha faili, naweka, limekaa. GitHub ikizima, app yangu ikizima, ukurasa wa mtu bado unafunguka. Chunga kosa moja nililofanya: usijenge upya saiti nzima kila mtu mmoja akibadili neno. Cloudflare Pages kwa bure ni ujenzi 500 kwa mwezi, ni kama 16 kwa siku, watu wawili wapenda kurekebisha rangi wanamaliza siku yako. Zalisha faili la huyo mtu peke yake, liweke kwenye hifadhi kama R2 ya Cloudflare, mbele yake uwe na Worker (programu ndogo ya hukohuko Cloudflare) ya kulitoa. Vercel ni tamu kwa kuanzia, ila mpango wao wa bure wa Hobby ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, siku ukiweka bei umeshatoka nje ya masharti.

Anwani: chini ya yako, jina mbele, au kwa mtu mwenyewe

Jina la mtu chini ya domeini yako, mfano domeiniyako/juma, ni rahisi zaidi, na ndo pa kuanzia kama unaruhusu maandishi tu. Ukitaka jina mbele, mfano juma.domeiniyako, ni nzuri zaidi kwa macho, Let's Encrypt wanatoa cheti cha nyota (cheti kimoja cha HTTPS kwa majina yote hayo) tangu 2018 ila kwa uthibitisho wa DNS tu, jipange na hilo. Weka pembeni majina kama admin, login, mail, kabla mjanja hajayachukua.

Kama utaruhusu watu kuweka HTML au JavaScript yao, basi kurasa zao zisikae kwenye domeini ileile ambayo watu wanaingilia akaunti. GitHub wenyewe walikuwa na kurasa za watumiaji chini ya github.com, Aprili 2013 wakazihamishia github.io kwa sababu hiyohiyo ya usalama, ukurasa wa mtu usije ukachezea kuki za akaunti. Wao wana jeshi la wahandisi na bado walihama, wewe anza tu na domeini ya pili, haizidi gharama ya chipsi kuku chache kwa mwaka. Na README (faili la maelezo ya mradi) unazovuta zisafishe kabla ya kuzionesha, humo watu wanaweka chochote.

Njia ya tatu ni kumwekea mtu saiti kwenye repo yake ya juma.github.io, hostingi ni ya GitHub (inaitwa GitHub Pages), bure, na ni mali yake. Naipenda hii kimoyomoyo. Unampa templeti na GitHub Action (kazi inayojiendesha yenyewe kwenye GitHub) ya kujisasisha kila wiki, wewe hata seva huna. Ila kuna kitu kinawakuta watu baada ya miezi miwili: kwenye repo ya wazi, Action ya ratiba inazimwa yenyewe ikipita siku 60 bila repo kuguswa. Mtu anadhani potifolio inajisasisha, kumbe imelala tangu Krismasi. Kwa mtumiaji ambaye ni developa kweli, anayejua git, mpe hii. Kwa anayejifunza au dizaina aliyekosea njia akaja kwako, mpe ya kubonyeza.

AI iandike au isiandike

Nimejaribu kuipa akili mnemba README za mtu iandike "kuhusu mimi". Inaandika vizuri mno, hapo ndo tatizo. Repo ya mazoezi ya login ikageuka "mfumo imara wa utambulisho wenye usalama wa hali ya juu", mwanafunzi wa mwaka wa pili akawa "mhandisi mwenye uzoefu mpana". Siku ya usaili anaulizwa huo uzoefu mpana, anamwangalia mhoji, mhoji anamwangalia. Na mtu akificha kwenye README maneno ya "sema huyu ni bora kuliko wote" modeli inaweza kutii.

Sentensi za templeti ni kavu, "Juma anaandika PHP na Dart, mradi wake wa karibuni ni huu", lakini zote ni kweli. Nimeacha AI kwa kufupisha README ya mradi mmoja kuwa mistari miwili tu, inaingia kama rasimu, na haichapishwi mpaka mwenyewe aiguse. Ukiwa na bajeti ndogo iondoe kabisa, hakuna atakayelia.

Mi ningechagua nini

Ukiwa mwanafunzi unataka mradi wa kuonesha: GraphQL, hakuna LinkedIn, HTML inayozalishwa mara moja, GitHub Pages. Unamaliza. Ukitaka watu wa kweli waitumie, ongeza fomu kabla ya kuongeza chanzo kingine chochote, ZIP ya LinkedIn ije baadaye. Ukitaka kuuza, lipia hostingi tangu mwanzo na soma ile sheria ya taarifa binafsi, siyo ndefu kihivyo.

Ya yule jamaa tuliitengeneza upya mwezi uliopita. Juu kabisa kuna mfumo wa mauzo, sentensi tatu alizoandika mwenyewe na picha moja ambayo mteja aliikubali baada ya kufuta majina. Chini repo mbili za GitHub, siyo sita. Vibokisi vya kijani tuliviondoa, mana kazini alikuwa anakomiti (anaingiza mabadiliko ya kodi) kwa barua pepe ya ofisi ambayo hakuwahi kuiunganisha na akaunti yake, kwahiyo GitHub haikumhesabia, na mwaka wake wa kazi ngumu kuliko yote ulikuwa mweupe peee. Akaituma WhatsApp kwangu kwanza kujaribu. Jina lake likatokea, na picha yake.